Mgunda Mkali: Mvinyo wa Dodoma, Asali ya Rungwa na Siasa ya Meza

Mgeni anayefika Dodoma siku hizi huandaliwa ziara ambayo imekwisha kuwa desturi. Hupelekwa Hombolo au Mpunguzi kutazama mashamba ya zabibu. Huonyeshwa matangi na mapipa. Huonjeshwa mvinyo mwekundu, kisha mweupe, kisha dompo yenye utamu mzito. Mwishowe huketishwa mbele ya ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Ni ziara nzuri. Mkoa uliotajwa kwa miongo mingi kwa sababu ya ukame na njaa umepata kitu cha kuuonyesha ulimwengu, na kitu chenyewe kina upekee: mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Machi na tena kati ya Agosti na Septemba, ilhali mzabibu wa Ufaransa au Italia hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu.

Lakini muulize mwenyeji wa ziara hiyo kuna nini mbele zaidi upande wa magharibi, ukiipita Bahi, ukaupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, ukafika Itigi, kisha ukashika njia ya kusini kuelekea Rungwa. Jibu huwa neno moja: pori. Akiongeza la pili, atasema wanyama.

Makala haya yanalihusu neno hilo. Hoja yangu ni kwamba Rungwa ina kinywaji chake na chakula chake, na kwamba kinywaji hicho, cha asali, ni cha kale kuliko mzabibu wowote wa Dodoma. Kutoonekana kwake mezani pa mgeni hakukuletwa na jiografia. Kuliletwa na maamuzi ya watawala, wakoloni kwa wazalendo, na maamuzi hayo hayajaisha nguvu.

Jina lililotungwa na wapita njia

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Ugogo kwa kulipa hongo kwa watemi, kisha ikaingia katika nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliiita nyika hiyo Mgunda Mkali. Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857. Henry Stanley akaivuka mwaka 1871. Maandishi ya wasafiri wa aina hiyo yaliifanya ijulikane Ulaya kuwa nchi ya kiu, kichaka kizito na njaa. Leo njia hiyo ya kale inakaribiana na maeneo ya Manyoni na Itigi, na Rungwa iko kusini yake, katika msitu uleule wa miombo na vichaka.

Jina hilo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ukali uliotajwa ulikuwa ukali kwa msafara wenye mamia ya watu, ambao ulihitaji kununua nafaka kwa wingi kila ulipopiga kambi. Nchi isiyo na ghala la nafaka njiani ilikuwa, kwa hesabu ya mkuu wa msafara, nchi isiyo na chakula. Hata hivyo Burton mwenyewe alikuta makazi ya Wakimbu katika njia hiyo. Wakimbu hawakuwa wakulima wakubwa wa nafaka. Walikuwa watu wa msitu: walilima kidogo, waliwinda, walikusanya uyoga na matunda, na juu ya yote walirina asali. Walijua mti upi hutoa maua lini. Walitengeneza mizinga kwa magome ya mtundu na myombo, wakaitundika juu ya matawi, na kila mzinga ulikuwa na mwenyewe. Mpita njia aliyeuona mzinga juu ya mti aliona pori. Mkimbu aliuona huo mzinga akajua ni mali ya nani.

Wala nchi hii haikukosa dola. Katika miaka ya 1870 Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, aliziunganisha himaya ndogondogo za Ukimbu kwa nguvu ya rugaruga wake, akaweka wawakilishi wake katika majimbo na kusimamia biashara ya meno ya tembo. Alipofariki mwaka 1884, aliyemrithi alikuwa mwanamke, Mgalula. Padri Aylward Shorter aliiandika historia hiyo katika kitabu chake kuhusu utemi wa Wakimbu kilichotoka mwaka 1972. Wanafunzi wangu wengi humfahamu Mirambo. Ni wachache waliowahi kumsikia Nyungu. Pori halitarajiwi kuwa na wafalme.

Nta iliyoandikwa, pombe isiyoandikwa

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Itigi ikawa stesheni, na baadaye, dhahabu ya Lupa ilipovuta wachimbaji katika miaka ya 1920 na 1930, njia ya kutoka Itigi kwenda Chunya kupitia Rungwa ikawa mshipa wa kupitishia watu na mizigo. Kwa njia hizo ilitoka bidhaa moja ambayo kila afisa wa forodha aliiandika: nta ya nyuki. Nta kutoka misitu ya magharibi na kati ya nchi ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kuuzwa nje tangu zama za Wajerumani, na Waingereza waliendelea kuithamini. Ilihitajika Ulaya kwa dawa za kung'arishia samani na viatu, kwa vipodozi, na kwa mishumaa. Kanisa Katoliki lilitaka mishumaa ya altare itengenezwe kwa nta ya nyuki.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vyetu vya historia ya uchumi huliruka. Nta hiyo ilipatikanaje? Asali ya msituni wakati huo haikuwa na soko kubwa la mbali. Ilikuwa nzito, ilimwagika, na bei yake haikustahili safari ndefu. Sehemu kubwa iligeuzwa kinywaji. Masega yalitiwa katika maji pamoja na asali yake, yakakamuliwa. Maji yale matamu yakaachwa yachachuke kwa siku kadhaa. Na masega matupu yaliyobaki yakachemshwa, yakachujwa, nta ikafinyangwa kuwa madonge ya kupeleka dukani. Kinywaji hicho ndicho kinachojulikana sehemu nyingi za nchi kwa jina la wanzuki. Kwa maneno mengine, nta iliyojaza madaftari ya forodha ilikuwa masalia ya upishi wa pombe ya asali. Bila harusi, bila matambiko, bila kazi za ujima zilizolipwa kwa mtungi, nta ya kuuza nje ingekuwa kidogo mno.

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha huduma ya ufugaji nyuki mwaka 1949, hamu yake kubwa ilikuwa ubora wa nta. Kinywaji kilichoizaa nta hiyo kilibaki chini ya idara nyingine kabisa: ya polisi na ya leseni.

Mipaka juu ya mizinga

Mwaka 1910 Wajerumani walitangaza Pori la Akiba la Mto Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakalibadili jina kuwa Pori la Akiba la Rungwa. Mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya Uhuru, sehemu yake ya kusini ikakatwa na kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Eneo lililobaki, pamoja na Kizigo na Muhesi, limeendelea kuwa nchi ya uwindaji wa kitalii, likigawanywa katika vitalu ambavyo mgeni hulipa fedha nyingi ili awinde humo simba, chui au nyati.

Sambamba na hayo, watu walihamishwa. Katika vita dhidi ya ugonjwa wa malale, utawala wa Waingereza uliwakusanya wakazi waliotawanyika katika misitu ya miombo ya magharibi na kuwaweka katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa ili mbung'o wasikae. Kulikuwa na sababu ya kitabibu, na maisha yaliokolewa. Lakini msitu ulioachwa nyuma uliandikwa kuwa mtupu, na msitu ulioandikwa kuwa mtupu ni rahisi kuuwekea mpaka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyowasogeza wananchi kandokando ya barabara. Kila mara mtu alisogezwa; mizinga yake ilibaki ilipokuwa, juu ya miti.

Ndiyo maana mrina asali wa Rungwa anayevuka mpaka kwenda kwenye mti wa babu yake huonekana mbele ya sheria kama mtu aliyeingia pori la akiba bila kibali. Sisemi kwamba mapori yafunguliwe kwa kila mtu. Nimeona misitu iliyofunguliwa ikageuka mkaa na mashamba ya tumbaku, zao ambalo hukausha majani yake kwa kuni za miombo ileile inayowalisha nyuki. Hifadhi imeyalinda maua. Ninachosema ni kwamba mlinzi wa maua na mwenye mzinga walipaswa kuwa washirika, na historia iliwafanya watuhumu na mtuhumiwa.

Zabibu ilivyopata dola

Sasa tulinganishe na jirani. Mzabibu wa Dodoma unahusishwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, waliohitaji divai ya misa. Angalia jinsi altare ileile ilivyoziunganisha nchi hizi mbili: nta ya msituni iliwaka katika vinara, na divai ya zabibu ikamiminwa katika kikombe. Nta haikupata heshima kwa sababu ya altare. Zabibu iliipata.

Baada ya Uhuru, Gereza la Isanga lililima zabibu. Makutupora ikapata kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na jina la mahali hapo likawa jina la aina ya zabibu nyekundu. Miaka ya 1980 kukawa na kiwanda cha umma cha mvinyo, DOWICO. Kikadhoofika na kuanguka katika mageuzi ya uchumi, na wakulima wakabaki na zabibu zisizo na mnunuzi. Baadaye viwanda binafsi vikaibuka, kikiwamo CETAWICO cha Hombolo. Sheria ya ushuru wa bidhaa nayo imeutenga mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nyumbani na kuutoza kiwango cha chini kuliko mvinyo mwingine.

Sitoi orodha hii kwa kijicho. Mkulima wa zabibu ameteseka, na bado huteseka msimu wa mavuno unapofika na soko likasitasita. Lakini hata mateso yake yanajulikana: hujadiliwa bungeni, hupelekewa mawaziri, huandikwa magazetini. Zao lililotoka ng'ambo juzi lilipewa kituo cha utafiti, kiwanda, nafuu ya kodi na hatimaye ziara ya watalii. Kinywaji kilichokuwapo kabla ya reli kilipewa saa za kufunga kilabu.

Sheria na neno "kienyeji"

Asili ya tofauti hiyo iko mbali. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika ukanda mkubwa wa Afrika, na Mkataba wa St. Germain wa 1919 ukauendeleza msimamo huo. Hati ya udhamini iliyoiweka Tanganyika chini ya Uingereza ikadai udhibiti mkali wa uuzaji wa vileo vikali. Ndani ya fikra hiyo kulikuwa na ngazi: mvinyo na pombe ya chupa vilikuwa vinywaji vya mstaarabu anayejua kiasi, pombe ya mtungi ilikuwa kinywaji cha mwenyeji anayehitaji kuchungwa. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi mabishano kuhusu vileo yalivyokuwa mabishano kuhusu mamlaka: nani ana haki ya kumwambia nani anywe nini, wapi na lini.

Uhuru haukuivunja ngazi hiyo. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo. Mwaka 1968 likapitisha sheria ya vileo iliyoweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza pombe, zikiwamo za kienyeji. Sheria zote mbili zilikuwa na sababu zake. Gongo imeua na kupofusha watu. Hata hivyo katika mazoea ya kila siku, hasa wakati wa misako, tofauti kati ya gongo iliyokenekwa na wanzuki iliyochachushwa imefifia. Kwa mwananchi, zote mbili ni vitu vya kuficha unapoona gari la serikali.

Nililishuhudia hilo mwenyewe. Nilipopita Rungwa nikielekea Mbeya, msimu wa mavuno ya asali, nililala usiku mmoja kijijini. Mama lishe alinipakulia ugali, kuku wa kienyeji aliyepikwa kwa mafuta ya alizeti ya Singida, na uyoga uliokaushwa tangu wakati wa mvua, uliorojeka katika karanga. Asubuhi nilipewa asali ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi na yenye uchachu kidogo, ambayo wenyeji huitumia kama dawa ya kifua. Ni chakula ambacho ningempa mgeni yeyote kwa fahari. Nilipouliza kama kuna kinywaji cha asali, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami alinitazama viatu, akaitazama gari niliyokuja nayo, akasema kwa upole kwamba hapo hawatengenezi kitu cha namna hiyo. Jioni, baada ya kujua kwamba mimi ni mwalimu tu, aliniletea mwenyewe kikombe. Kilikuwa na rangi ya kaharabu, utamu wake ulikuwa umekwisha kuliwa na chachu, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya moshi na ya maua ambayo sikuyajua. Nikamwuliza kwa nini asubuhi alinikatalia. Akajibu: "Mwalimu, asubuhi sikujua umetumwa na nani."

Sentensi hiyo ni muhtasari wa karne nzima ya utawala. Hombolo, mwenye kinywaji humwuliza mgeni kama amekifurahia. Rungwa, humwuliza ametumwa na nani.

Wengine wamefanyaje

Ethiopia inatupa kielelezo kilicho karibu. Huko asali, maji na mmea wa gesho huzaa teji, kinywaji kilichokuwa cha meza za wafalme na ambacho leo hunywewa harusini na katika nyumba maalumu, kwa chupa ndogo ya kioo yenye shingo nyembamba. Mgeni wa Addis Ababa huletewa teji pamoja na injera bila mtu kuona haya. Ethiopia na Tanzania hutajwa mara kwa mara kuwa nchi mbili zinazoongoza Afrika kwa uzalishaji wa asali. Nyuki wetu hawana upungufu. Tofauti ni kwamba kwa Waethiopia kinywaji cha asali kilikaa upande wa dola, na kwetu kikawekwa upande wa mshitakiwa.

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 zilikuwa hatua ya maana. Zilimtambua mfugaji nyuki kama mzalishaji. Lakini lugha ya mipango yetu bado ni ya asali iliyowekwa kwenye chupa na nta iliyopelekwa nje. Kinywaji hakitajwi, kana kwamba tunaona aibu kukumbuka kwamba ndicho kilichoibeba biashara ya nta.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wa Halmashauri ya Itigi na wa maliasili, nina mambo matatu. Kwanza, kalenda ya mavuno ya asali ijulikane mapema, na vibali vya kuingia porini vitolewe kijijini kabla ya msimu, kwa masharti ya wazi kuhusu moto na ukataji wa miti. Mzinga wa gome humgharimu mti uhai wake, kwa hiyo mizinga ya mbao iende pamoja na kibali. Pili, wanzuki ya asali halisi itenganishwe kisheria na kivitendo na gongo, na pia na ile ya mijini inayochachushwa kwa sukari. Ipimwe, iwekewe viwango, ipewe jina la mahali inapotoka kama Makutupora ilivyopata jina lake. Tatu, barabara ya Mkiwa, Itigi, Rungwa hadi Makongolosi inajengwa kwa lami vipande kwa vipande. Itakapokamilika, magari mengi yatapita Rungwa. Wakati wa kuamua kama yatapita tu, kama misafara ya Burton, au yatasimama, ni sasa.

Kwa wanafunzi nina ombi dogo zaidi. Wazee wanaojua mti upi ulikuwa wa ukoo upi kabla ya mipaka na kabla ya vijiji wamebaki wachache. Mnaotoka Manyoni, Sikonge na Chunya, likizo ijayo ketini nao na kuandika. Anzeni kwa kusema mmetumwa na nani: kwamba hamkutumwa na mtu.